Chumba cha Kujaribia Magodoro

Kuna watu wanaolipwa kwa kubeba, wengine kwa kushona, wengine kwa kukaa mlangoni na kuwauliza wageni wanamtaka nani. Yeye alilipwa kwa kulala. Ukisikia hivyo usimwonee wivu haraka, maana kulala kwa kazi si kulala kwa starehe, hata kama kwa nje mambo hayo mawili yanafanana kama mapacha.

Kiwandani walimwita Bwana Usingizi. Mbele yake walimwita Mzee. Kila lilipotengenezwa godoro la aina mpya, moja lilipelekwa chumbani kwake, mwisho wa korido, nyuma ya ghala la sponji. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, pazia zito la rangi ya chai, kitanda cha mbao kisicho na ubao wa kichwani, na kigoda karibu na mlango. Mzee alivua viatu akavipanga vizuri, kama mtu anayeingia kwake, kisha akajinyoosha. Kwanza chali, halafu ubavu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu kifudifudi. Hakutakiwa kulala usingizi wa pono. Alitakiwa afike pale mwili unapoanza kujisahau, kisha ausikilize. Je, bega linazama? Kiuno kinaning'inia? Kuna springi inayonong'ona? Baadaye aliinuka, nywele zimelala upande mmoja, akaenda kumwambia fundi, "Hili lina mgongo mkaidi," na fundi alijua la kufanya.

Mle ndani dunia yote ilikuwa laini. Mngurumo wa cherehani ulipenya ukutani ukafika umechoka, ukawa kama mvua inayonyesha mtaa wa pili. Vumbi la pamba lilielea kwenye mstari wa mwanga uliopita chini ya pazia, likipanda na kushuka bila haraka. Kulikuwa na harufu ya sponji mpya, tamu kidogo, ambayo wengine iliwaumiza kichwa na yeye ilimtuliza. Alikaa saa nzima kwenye mang'amung'amu, si macho si usingizini, akisikia vyote na hakimhusu hata kimoja. Wakati mwingine alimwona marehemu mkewe akipita mlangoni na kikapu, akitaka kumwuliza jambo, halafu akighairi.

Sasa, jambo lililomjengea sifa lilianza bila mtu kulipanga. Fundi springi, mtu wa maneno mengi na subira kidogo, aliingia siku moja amefura. Wateja walikuwa wanalalamika kwamba magodoro yanapiga kelele mtu akigeuka. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kumwaga yaliyomo moyoni.

"Mzee, hizi springi zinagombana. Moja ikisogea, zote zinataka kujua kuna nini."

"Enhe," alisema Mzee, macho yamefumba.

"Yaani ni kama wapangaji wa nyumba moja. Hakuna siri."

"Enhe."

"Wangekuwa kila mmoja na chumba chake..." Fundi akainuka kigodani. "Kila springi na mfuko wake. Mfuko wa kitambaa. Mzee, unanisikia?"

"Kisha?"

Fundi alishatoka mbio. Baada ya muda magodoro ya kiwanda kile yalikuwa kimya kabisa, na fundi springi akamtangazia kila mtu kwamba wazo alipewa na Mzee. Basi tena, njia ikafunguka. Wakati wa chai kulikuwa daima na mtu kwenye kile kigoda. Mpakiaji mmoja aliingia akilaani milango myembamba ya wateja, akatoka na namna ya kulikunja godoro likapita. Mama mmoja wa kushona alikuja kusengenya, na katikati ya umbea akabuni mishikio ya ubavuni, ile ambayo leo watu wanaishika wakidhani magodoro yalizaliwa nayo.

Watu wakasema Mzee ana akili za ajabu. Yeye mwenyewe alikataa kila alipoulizwa, na hakuna aliyemwamini. Hakuwa na wazo hata moja. Alikuwa amesinzia tu, na mtu aliyesinzia hana nguvu ya kubisha. Wazo linapoanza huwa halijakaza shingo, kauli moja kali inatosha kulimaliza, na pale kwenye kigoda kauli kali haikuwepo. Kulikuwa na pumzi za mzee wa watu, zikipanda na kushuka, na nafasi ya kutosha ya kusema upuuzi mpaka upuuzi uchoke uanze kusema kweli.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Nyumbani Mzee alikuwa macho.

Waliishi watatu. Yeye, mama yake mzazi ambaye alipooza upande mmoja na sasa alikuwa wa kitandani, na binti yake wa pekee. Binti alishona makava palepale kiwandani, meza ya karibu na dirisha, na alikuwa na mikono ya mama yake, miembamba isiyotulia. Tangu utotoni kichwa chake kilikuwa kinapika mambo. Aliwahi kutaka kuhamisha sinki la jikoni. Aliwahi kutaka kumshonea bibi mfuko wa kuning'iniza kitandani ili asihangaike kutafuta miwani. Na baba yake, ambaye kazini hakuwahi kumpinga hata mpakiaji mlevi, alikuwa na jibu la kila kitu. Sinki lina mabomba yake ukutani. Mfuko utamchoma bibi mbavuni. Hakuwa mkali. Aliyasema hayo huku akitafuna, kwa upole wa mtu anayejua, na alijua kweli.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la godoro. Bibi alikuwa anatokwa vidonda vya kiunoni kwa kulalia upande mmoja, na kumgeuza kila mara kuliwavunja migongo wote wawili. Jioni moja binti alisema, "Baba, kama godoro lingekuwa la vipande? Unachomoa kile cha chini ya kiuno, anapumua, halafu unakirudisha unachomoa kingine."

"Godoro likikatwa si godoro tena, mama," Mzee alijibu. Alimwita mama kwa mapenzi, kama wengi wanavyowaita binti zao. "Ni matambara."

"Sawa, Baba."

Ile "Sawa, Baba" alikuwa ameshaizoea. Miaka yote aliihesabu kuwa ni adabu, na kujisifu moyoni kwamba amelea.

Kisha kiwanda kikapata meneja mpya, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na viatu visivyotoa mlio. Alikuta kampuni haijatoa kitu kipya tangu enzi za mishikio, na washindani wamekaza mwendo. Akafungua Chumba cha Ubunifu. Kilipakwa rangi, kikawekwa viti vya rangi ya machungwa na ya kijani na ubao mweupe wa kuandikia. Wafanyakazi wakaitwa.

"Wenzangu," alisema meneja, "humu ndani hakuna wazo baya. Semeni chochote."

Wakatulia kama maji mtungini. Kila mmoja alimtazama mwenzake ili aanze yeye. Hatimaye mtu wa nyuma akapendekeza chai iongezwe sukari, wakapiga makofi, wakatawanyika.

Meneja hakuwa mjinga. Aliuliza kwa utaratibu mawazo ya zamani yalizaliwa wapi, na vidole vyote vikaelekea mwisho wa korido. Akaenda. Mzee alikuwa ubavu wa kushoto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," ilisema sauti kutoka mbali.

Meneja alikusudia kuuliza maswali yake kama alivyoyapanga. Lakini kigoda kilikuwa chini, mwanga ulikuwa wa chai, mashine zilinyesha upande wa pili wa ukuta, na kabla hajajua, alikuwa anaeleza kwamba anaogopa. Kwamba amepewa kiti kikubwa kuliko yeye. Kwamba usiku anaota viti vya machungwa vitupu.

"Enhe," alisema Mzee.

Alitoka amejifuta macho, na amekata shauri. Alifikiri amegundua hazina, na hazina haiachwi nyuma ya ghala la sponji. Wiki iliyofuata Mzee alipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichosema Mlezi wa Mawazo. Angekaa kwenye Chumba cha Ubunifu kutwa nzima, awapokee watu, awasikilize. Magodoro yangejaribiwa na mashine yenye gogo zito linalojiviringisha juu ya godoro.

Na yeye je? Alifurahi. Tuseme ukweli, nani asingefurahi? Baada ya miaka yote ya kuambiwa anakula mshahara wa bure kwa kukoroma, leo ana kiti. Alipiga pasi shati. Akanywa chai ya rangi nzito, bila maziwa, ili asije akawaaibisha kwa kusinzia mbele za watu.

Jioni hiyohiyo, akiwa bado na kitambulisho shingoni, binti alimwambia kwamba amepata kazi kwenye kampuni nyingine, mji mwingine. Ataondoka mwisho wa mwezi. Shangazi amekubali kuja kukaa na bibi.

Mzee aliweka kikombe chini. "Mshahara wao mkubwa?"

"Uleule."

"Sasa unafuata nini huko?"

Binti alikuwa anakunja shuka za bibi. Alikunja moja, akaanza nyingine. "Nilipoenda kwenye usaili niliwaeleza jambo fulani. Walinisikiliza mpaka nikamaliza."

Mzee hakuelewa. Aliingia kulala na maneno hayo, akageuka huku na huku, yeye mtaalamu wa kugeuka, na lepe la usingizi hakulipata. Binti alikuwa ndiye mtu wake. Akiondoka, nyumba ingebaki na pumzi za wazee wawili. Lakini si hilo tu lililomkosesha raha. Ilikuwa ni ile "mpaka nikamaliza." Ilimkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Kwenye Chumba cha Ubunifu mambo yalikwenda mrama taratibu. Mpakiaji alikuja na habari ya godoro la kukunja mara tatu. "Hilo tulishalijaribu," Mzee alisema, wima kwenye kiti cha machungwa, macho yamemtoka kwa chai. "Linakatika kwenye mkunjo." Mama wa kushona alikuja na habari ya kava la pande mbili, la joto na la baridi. "Zipu zake zitakwama zikifuliwa." Alikuwa anawasaidia. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Watu wakaja wachache, kisha wachache zaidi.

Mwisho akaja fundi springi. Alianza, akakatishwa. Akaanza kwa mlango mwingine, akakatishwa. Akainuka, akasimama akikuna kichwa.

"Mzee, nikwambie kitu usinune?"

"Sema."

"Ulipokuwa umelala ulikuwa unatufaa zaidi."

Wote wawili walicheka. Fundi akaondoka akicheka. Lakini kicheko cha Mzee kilikwama njiani, kwa sababu wakati fundi anageuka, aliona uso wake. Macho yaliyoshuka chini, midomo iliyojifunga bila ugomvi, mkono unaotafuta kitu cha kushika. Aliufahamu uso ule. Alikuwa amekula nao chakula cha jioni miaka nenda miaka rudi, ukimwambia "Sawa, Baba."

Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni. Watu wa kiwanda kizima, hata mpakiaji mlevi, walipewa mzee wa kuwasikiliza. Mtoto wake mwenyewe alipewa wa kumsahihisha. Akavua kitambulisho, akakaa nacho mkononi, na chumba chenye rangi zote kilikuwa kimya mno.

Jumapili alasiri binti alikuwa chumbani kwa bibi, akipanga nguo kwenye begi. Bibi alikuwa amelala, macho nusu wazi. Jua lilipita kwenye pazia likatandaza mwanga mwembamba sakafuni, na nje mtoto wa jirani alikuwa anaimba wimbo aliousahau katikati, akirudia mwanzo tu. Mzee aliingia, akakaa chini, mgongo kwenye ukuta.

"Niambie lile la vipande."

"Umeshasema ni matambara, Baba."

"Nilisema. Niambie tena."

Binti alimtazama kama mtu anayepima maji kwa kidole. Kisha akaanza, kwa sauti ya chini, huku akiendelea kukunja nguo. Vipande sita. Hapana, vitano, kwa sababu kichwa na mabega vinaweza kukaa pamoja. Kila kimoja na kava lake.

Mzee alijaribu kufumba macho ili ile hali ya kazini imjie. Haikuja. Alikuwa macho kuliko siku yoyote ya maisha yake, na kila kitu alichokijua kilipanga foleni kooni. Vipande vitaachana katikati. Sponji iliyokatwa inalegea pembeni. Shuka litajikunja na kumchoma bibi. Aliuma ulimi. Likaja jingine, akalimeza. Hakujua kwamba kusikiliza ukiwa macho ni kazi ngumu hivi. Jasho lilimtoka. Na sauti ya binti iliendelea, ikapanda kidogo, ikapata mwendo, mikono ikaacha nguo ikaanza kuchora hewani, na kwa muda Mzee akaliona lile godoro likielea mbele yao, jepesi, likifunguka na kujifunga lenyewe juu ya begi la safari.

"Ila shuka litajikunja," binti alisema ghafla. "Shuka moja halifai. Basi kila kipande kiwe na shuka lake." Akamgeukia. "Umelala, Baba?"

"Hapana."

"Mbona husemi kitu?"

"Nakusikiliza."

Binti akakaa pembeni mwa kitanda cha bibi. Alitazama mikono yake, machozi yakamlenga, akayapangusa kwa shati alilokuwa analikunja.

"Nimekukatisha mara nyingi, mama," Mzee alisema.

"Nyingi, Baba."

"Nisamehe."

Safari hii binti hakusema sawa. Alisema, "Lete kisu."

Mzee alikwenda akarudi na kisu cha mkate, na godoro lake mwenyewe amelibeba kichwani, godoro la sponji zuri kuliko yote aliyowahi kuyajaribu, alilopewa na kampuni kwa utumishi wa muda mrefu. Akalilaza sakafuni. Binti alimwuliza kwa macho. Yeye akapiga magoti, akalivuta kava likakaza, akalishika. Kisu kilipoingia, hakuachia. Makombo ya sponji yaliruka, meupe, yakatua kwenye nywele zao wote wawili.

Walimhamishia bibi juu yake. Binti akachomoa kipande cha tatu. Kwa dakika chache ilikuwa kama ndoto iliyotii. Bibi alifumba macho akavuta pumzi ndefu. Kisha vipande vya kando vikaanza kusogea kimyakimya, kiuno kikashuka, kikashuka tena.

"Mnanitia shimoni kabla ya siku yangu," alisema bibi.

Wakacheka mpaka wakashindwa kumwinua. Lilikuwa limeshindwa, na Mzee alijua kwa nini, alijua tangu jioni ile ya kwanza. Binti alijilaza sakafuni juu ya kipande kilichobaki, akatazama dari, midomo ikicheza bila sauti. Mzee hakumwambia.

Binti aliondoka Jumanne, kama alivyopanga. Hakubadili nia, na Mzee hakumwomba abadili. Alimbebea begi mpaka kituoni, wakazungumza habari za sponji njia nzima.

Kwa meneja alirudisha kitambulisho. Alijitahidi kueleza, akakwama. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudi ukalale, Mzee. Ile mashine tutaipatia kazi nyingine." Kwenye Chumba cha Ubunifu walihamishia sponji zilizokosa nafasi ghalani, na wengine wakaanza kwenda kujinyoosha humo wakati wa chai.

Nyumbani, usiku, alilala kwenye mkeka, maana godoro hakuwa nalo tena. Shangazi alikuwa mwema, bibi alikuwa bibi, na jioni zilikuwa ndefu. Alimkumbuka binti kwa namna iliyomuuma. Hakupiga simu. Aliogopa kwamba akipiga atauliza maswali, na maswali yake aliyafahamu.

Mchana mmoja alikuwa chali kwenye godoro jipya, vumbi la pamba likielea, mvua ya mashine ikinyesha mtaa wa pili. Fundi springi alikuwa kwenye kigoda, katikati ya jambo refu. Simu ikalia mfukoni. Mzee aliitafuta kwa mkono mzito, akaiweka sikioni.

"Baba," ilisema sauti ya binti, na nyuma yake kulikuwa na cherehani nyingine, za mbali. "Uko macho?"

Mzee alishusha miguu sakafuni, akamwonyesha fundi kwa kiganja asubiri.

"Niko macho."

"Nimekwama kwenye vipande, sijamwambia mtu mwingine. Una nafasi? Kaa vizuri, maana ni habari ndefu."

Alikuwa ameshakaa.